Kupinduka na kayaki ya kuvulia: je, mazoezi ya bwawani yanatosha kabla ya kutoka nje ya mwamba?

MshipiWaKisauni aliuliza:

Assalaam aleikum, wenzangu. Naomba ushauri wa wanaovua kwa kayaki katika maji yetu ya Mombasa, na hata wa wazee wa ngalawa na madau ambao hawajawahi kukalia kayaki, kwa maana bahari ni ileile.

Ninayo kayaki ya kukalia juu, ya plastiki, isiyofika urefu wa mita nne, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Tangu mwaka jana nimekuwa nikivua ndani ya mwamba tu, nikichunga mipaka ya hifadhi, na kitoweo changu kimekuwa samaki aina ya changu na kolekole wadogo. Mwezi uliopita, asubuhi ya Jumapili, nilipinduka mbele ya Mkomani. Samaki alivuta upande wa kushoto, nami nikainama upande huohuo kumkinga kwa wavu wa mkono, na papo hapo wimbi dogo likaja ubavuni. Bahari haikuwa chafu hata kidogo. Nilidhani kurudi juu ni jambo la dakika moja, lakini nilijaribu mara sita au saba, na kila nilipojivuta kayaki ilinigeukia. Kafi lilikuwa limeshakwenda zake. Jaketi lilipanda mpaka likaniziba masikio, nikawa natazama mbele kama niliyevishwa gunia. Vijana wawili wa ngalawa ndio waliokuja kunishikia chombo nikapanda, nami nawaombea kheri kila siku.

Tangu hapo nimefanya mazoezi katika bwawa la kuogelea la rafiki yangu, na sasa napanda bila kukosea, hata mara kumi mfululizo. Kusi imepungua, tuko katika tanga mbili, yaani kati ya kusi na kaskazi, na kaskazi itakapotulia natamani kutoka mlangoni, pale mwamba ulipoachana, nikajaribu bahati ya nguru. Nilipomweleza mke wangu aliniuliza swali moja tu: maji ya bwawa na maji ya nje ya mwamba ni maji mamoja? Sikuwa na jibu la kumridhisha, ndiyo maana nimekuja kwenu.

Naomba mnieleze ni mazoezi ya namna gani mtu ayafanye mpaka aseme kwa haki kwamba anaweza kujiokoa, na vifaa vya usalama vipimwe vipi kabla ya siku ya kuvihitaji. Ninavyo jaketi, firimbi, kisu, mfuko wa simu usiopitisha maji na kamba ya kufungia kafi, ambayo nakiri kwamba siku ile ilikuwa nyumbani.

MwalimuWaKuogelea_Nyali alijibu:

Wa aleikum salaam, kaka. Nashukuru umeeleza bila kuficha, kwa sababu ulivyoeleza ndivyo ninavyoweza kuona kosa lilikuwa wapi.

Siku ile ulining'inia. Mtu akiwa wima majini, miguu ikiwa chini ya chombo, kila anapojivuta huwa anauzamisha ukingo wa kayaki badala ya kujiinua yeye, na kayaki haina budi kumgeukia. Karibu kila mtu mzima ninayemfundisha huanza hivyo, na wenye mikono yenye nguvu ndio huchelewa zaidi kuacha, kwa kuwa wanaamini nguvu zitawatoa. Kinachotakiwa ni kuulaza mwili kwanza. Nyoosha mikono, shika mkanda au ukingo wa upande wa pili, kisha piga miguu nyuma yako mpaka visigino vitokeze juu ya maji. Ukishalala hivyo, endelea kupiga miguu huku ukiivuta kayaki ije chini ya kifua chako, kama mtu anayevuta mkeka aulalie. Tumbo likifika katikati ya chombo, tulia hapo na upumue mara mbili tatu. Usiwe na haraka, hapo umeshaokoka nusu. Kisha geuka ukae kwa makalio, miguu ikiwa bado majini, na miguu iingie mwisho. Wanafunzi wangu huwakaririsha maneno matatu: tumbo, makalio, miguu. Anayetanguliza goti hurudi majini.

Ikiwa kayaki imelala kifudifudi, na hivyo ndivyo inavyokuwa mara nyingi, usiisukume kutoka chini. Nenda katikati ya urefu wake, pitisha mkono juu ya tumbo lake, shika tundu la kutolea maji au mkanda wa upande wa mbali, weka magoti kwenye ukingo ulio karibu nawe, kisha jiegemeze nyuma kwa uzito wote. Itazunguka. Kinga uso wako, maana ukingo hurudi kwa kasi.

Haya yote naamini umeshayaweza bwawani. Lakini nakuuliza: huko bwawani sanduku la samaki lilikuwa nyuma ya kiti? Mifuko ya jaketi ilikuwa na koleo na risasi za mshipi? Ulikuwa umepiga kafi kwa saa tatu kabla ya kuanguka? Bwawani umejifunza hatua, nalo ni jambo jema, ila bado hujampima mtu atakayekuwa baharini. Kwa hiyo rudia mazoezi yaleyale ukiongeza zito moja kila siku. Leo vaa nguo zilezile unazovulia, pamoja na kofia na raba za miguuni. Kesho funga sanduku na ulijaze kitu cha uzito wa samaki. Siku nyingine piga kafi kwa nguvu muda wa dakika ishirini, na papo hapo, kabla pumzi haijarudi, jitupe majini. Hesabu ni mara ngapi unaweza kupanda mfululizo katika uchovu ule. Idadi hiyo ndiyo yako halisi, na ile ya kumi ya bwawani uiache.

Jambo jingine ambalo wengi hawalifanyi: usitelemke majini, pinduka. Anayetelemka polepole huwa ameshajua kafi liko wapi na kamba iko wapi. Anayepinduka hufumbua macho chini ya maji akiwa na mshipi shingoni. Bila shaka rodi za mazoezi zisiwe na ndoana.

Kama mikono inakataa kukuinua ukichoka, tengeneza kitanzi cha mkanda mpana cha kukanyagia. Kifunge upande wa pili wa kayaki, ukipitishe juu ya chombo, kining'inie upande wako mpaka usawa wa goti lako ukiwa majini. Kikifungwa upande uleule uliopo wewe, ukikikanyaga unaipindua kayaki upya. Kipime urefu wake mara kadhaa, na ukishapanda kirudishe mahali pake, kisije kikakukamata mguu.

Na tafadhali usifanye haya peke yako. Awepo mtu majini nawe, au kwenye chombo kingine, anayejua kuogelea na ambaye hatakuwa akitazama simu.

FundiWaFaiba_Likoni alijibu:

Mwalimu amemaliza upande wa mwili, mimi niseme kuhusu chombo. Kaka, kayaki yako imeshatumika, na aliyekuwa nayo kabla yako bila shaka aliitoboa ili kuweka vishikio vya rodi. Kila skrubu iliyopita kwenye plastiki ni njia ya maji. Kayaki yenye lita ishirini tumboni haionekani kuwa na kasoro ukiwa umekaa wima, ila ukiinama kidogo maji yote hukimbilia upande ulioinama, na hapo hakuna ufundi wa kusawazisha utakaosaidia. Sitashangaa kama siku ile ya Mkomani ulikuwa na maji ndani bila kujua. Nimeletewa kayaki mbili za namna hiyo, na wenyewe walikuwa wakilaumu mawimbi.

Ipime hivi. Iweke juu ya matofali au viti viwili, ikauke kabisa kwa nje, kisha mimina ndani ndoo moja ya maji masafi. Iinamishe mbele, nyuma, kushoto na kulia, kila upande uipe dakika kumi, huku ukipitisha kiganja kikavu chini ya kila skrubu, kila tundu la kutolea maji na kila mshono. Matundu ya kutolea maji ndiyo hupasuka sana, hasa kayaki ikiwa imezoea kuburutwa mchangani au kubebwa kwa kigari kinachoingizwa humo. Halafu badilisha mpira wa kizibo, na mfuniko wa mbele uumwagie maji kwa mpira wa bustani ukiwa umefungwa uone kama ndani pamebaki pakavu. Baada ya kila safari, kabla hujafanya lolote, fungua kizibo na upime maji yaliyoingia. Kikombe kimoja si kitu. Yakizidi safari hadi safari, usitoke.

Jaketi usinunue kwa rangi. Tazama lebo ya ndani: nyutoni 50 ni kiasi cha kilo tano za kukuelesha, na hilo hutumiwa na wengi wa kayaki kwa sababu mikono hubaki huru, ila halikusudiwi kumgeuza mtu aliyezimia uso uangalie juu. Nyutoni 150 ndiyo ya bahari ya nje. La kujazwa gesi ni jepesi, lakini lina kazi yake ya ukaguzi: lipulize kwa mdomo jioni, asubuhi lazima ulikute vilevile, fungua silinda uipime kwenye mizani ya jikoni ulinganishe na uzito uliochongwa juu yake, tazama na tarehe ya kidonge cha kufyatulia, kama lina kidonge.

MwalimuWaKuogelea_Nyali alijibu:

Naongeza hapo kwa fundi: mwenye jaketi la gesi afanye mazoezi ya kupanda likiwa limejaa. Kifua huwa kama mto wa kulalia, na tumbo halifiki juu ya chombo kwa namna aliyoizoea. Wengine hulazimika kupunguza hewa kidogo kwa mrija kwanza ndipo wapande. Hilo si jambo la kuligundua nje ya mwamba.

MzeeWaMtwapa alijibu:

Mwanangu, nimesoma swali lako mara mbili, na swali la mkeo nimelipenda zaidi. Mimi nimevua kwa ngalawa na kwa dau tangu ujana, kayaki sijui, lakini najua ni wakati gani bahari humchukua mtu.

Watu huogopa kusi, nao wana haki, kwa sababu kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane bahari ya nje haina huruma na chombo kidogo. Lakini kusi hukusukuma kuelekea nchi kavu au sambamba nayo, na kaskazi vivyo hivyo. Upepo wa kumchunga mwenye kayaki ni umande, ule wa alfajiri utokao bara. Mtu hutoka saa kumi na moja, maji yametulia kama mafuta ndani ya sahani, na chombo kinakwenda nje bila yeye kutoa jasho, akafurahi na kudhani mikono yake imekuwa na nguvu. Sasa liunganishe na jambo hili: hapa kwetu, siku za bamvua, yaani za maji makubwa, maji hujaa kabisa mnamo saa kumi au kumi na moja alfajiri, na hupwa kabisa mnamo saa nne au tano asubuhi. Kwa hiyo anayetoka alfajiri ya bamvua anatoka na umande mgongoni na maji yanayopwa chini yake, na vyote viwili vinampeleka nje kwa pamoja. Maji hayo hushuka zaidi ya mita tatu kwa saa sita, na yote yaliyokuwa ndani ya mwamba na ndani ya hori ya Mtwapa hayana pa kutokea ila milangoni. Akipinduka mlangoni saa hiyo, awe hodari namna gani wa tumbo na makalio na miguu, atapanda tayari akiwa mbali na pale alipoangukia. Na kusi ikianza kuvuma dhidi ya maji yanayotoka, mlango husimamisha mawimbi mafupi yaliyokaribiana, ambayo chombo chako hakitapata nafasi ya kupumua kati yake.

Kwa hiyo mazoezi yako uyafanye siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Asubuhi ya siku hizo maji huwa yanajaa mpaka saa nne au tano, tena kwa upole, na ukishindwa yatakurudisha ufuoni. Anza ndani ya mwamba, maji ya kifuani, penye mchanga mtupu pasipo na miba wala matumbawe. Ukiwa umeweza huko, sogea penye kina, na siku nyingine ngoja upepo wa mchana uongezeke kidogo ndipo uingie. Ukienda hivyo hatua kwa hatua, mkeo atakuwa amepata jibu bila wewe kusema.

Ukipinduka karibu na mwamba au ufuoni penye mawimbi, shika chombo chako lakini usikae baina yake na mwamba. Wimbi likija na kayaki iliyojaa maji likakukuta mgongo uko kwenye jiwe, mbavu zitalipa. Kaa upande wa bahari. Na usikiache chombo ukaogelea kwa sababu nchi kavu unaiona. Chombo huonekana, kichwa cha mtu hakionekani. Nimeshiriki kutafuta watu zaidi ya mara moja, na kila mara tuliona kwanza chombo.

Jambo la mwisho: nje ya mwamba mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima. Ukipotelea mbele ya Nyali, mwambie atakayekutafuta aanzie hapo na apande kuelekea Shanzu na Kikambala.

BahariaMstaafu_Kizingo alijibu:

Naunga mkono aliyoyasema Mzee. Upande wangu ni mawasiliano, kwa kuwa ndugu yetu ametaja simu ndani ya mfuko na hakutaja redio.

Simu si kitu cha kudharau ndani ya mwamba, ambako mtandao unapatikana, na ukipiga 999 au 112 utajibiwa. Lakini ipime kwa haki. Weka karatasi ya shashi ndani ya mfuko badala ya simu, tia na kijiwe, uzamishe ndani ya ndoo usiku mzima. Karatasi ikitoka kavu, weka simu, lowesha vidole kwa maji ya chumvi, kisha ujaribu kuifungua na kupiga namba ukiwa umesimama majini. Wengi hugundua hapo kwamba kioo hakitambui kidole kilicholowa, na kwamba alama ya kidole waliyoizoea haifanyi kazi juu ya plastiki.

Kwa nje ya mwamba napendekeza redio ndogo ya VHF, ile ya mawasiliano ya vyombo vya baharini, inayoelea. Chaneli ya dharura ni 16, yaani masafa ya megahezi 156.8, na vyombo vikubwa vinavyoingia Kilindini huisikiliza. Mombasa tunacho kituo cha kikanda cha kuratibu uokoaji baharini, na tangu 2018 nchi ina Huduma ya Walinzi wa Pwani, kwa hiyo sauti yako ina pa kufika, mradi redio iwe imejazwa chaji na iko mwilini mwako. Nasisitiza neno hilo: mwilini. Kayaki ikienda na redio iliyofungwa kitini, umebaki na firimbi. Kumbuka pia kwamba ukiwa umekaa kwenye maji antena yako haina urefu, na sauti haitafika mbali kama inavyofika kutoka kwenye meli.

Fanya mazoezi ya maneno nyumbani, redio ikiwa imezimwa, mpaka yatoke bila kufikiri: Mayday, yaani wito wa hatari, mara tatu, jina la chombo, mahali ulipo kwa alama zinazojulikana au kwa GPS, tatizo lako, idadi ya watu, na rangi ya kayaki. Wengi husahau rangi. Mwenye kile kifaa kidogo cha kuitia uokoaji kwa setilaiti, cha masafa ya megahezi 406, akijaribu kwa kitufe cha majaribio tu, kama kitabu chake kinavyoelekeza, na akisajili kwa jina lake. Kukiwasha kwa mazoezi ni kuwatoa watu kwenda kutafuta asiyepotea.

Na kabla ya yote hayo, karatasi. Andika unatokea wapi, unakwenda wapi, umevaa rangi gani, utarudi saa ngapi, na saa ambayo ikifika hujapiga simu mtu wa nchi kavu aanze kuita msaada. Saa hiyo iwe na mwanga wa kutosha kukutafuta; kwetu jua likizama giza halichelewi. Aliyekuuliza lile swali ndiye anayefaa kukaa na karatasi hiyo.

MshipiWaKisauni alijibu:

Mzee wangu, mwalimu, fundi, baharia, Mwenyezi Mungu awalipe. Nilichukua siku tatu kabla ya kuandika tena, kwa sababu nilitaka kwanza nipime kila kitu mlichokitaja.

Nilianza na firimbi. Ni ile yenye kokwa ndani, imekuwa ikining'inia kwenye jaketi tangu nilinunue. Niliizamisha ndani ya ndoo, nikaipuliza mara moja: ilinitemea maji mdomoni na kutoa sauti kama ya mtu aliyepaliwa. Nilipuliza mara tano ndipo ikalia. Kisha nikashika kisu, ambacho nimekibeba kila safari nikijiona nimejihadhari. Kwa mkono mmoja hakikutoka kwenye ala. Nilibana ala kati ya magoti, nikavuta kwa mikono miwili, kikatoka na unga mwekundu wa kutu uliomwagika sakafuni. Mfuko wa simu, baada ya usiku mmoja kwenye ndoo, karatasi ilikuwa imelowa pembeni kiasi cha ukucha wa kidole gumba. Ni kidogo, lakini simu haihitaji zaidi ya hapo.

Jaketi ndilo lililonihuzunisha. Nililibinya mgongoni, nikasikia sponji ikikatika ndani kama biskuti. Nikalivaa, nikaenda ufuoni maji ya kifuani pamoja na shemeji yangu, nikakunja magoti na kuacha mikono ilegee bila kupiga miguu. Maji yalifika chini ya pua. Aliyeniuzia aliniapia kwamba halina hata mwaka, lakini lebo ya ndani imefutika kabisa, nami sikuwa na akili ya kuitafuta siku ile.

Kayaki nayo, fundi, umesema kweli. Skrubu mbili za kishikio cha kulia zinavuja, moja tone kwa tone, ya pili kwa mchirizi. Sasa najua nilikuwa nimekalia nini mbele ya Mkomani.

Swali langu lililobaki: jaketi jipya nitajuaje kwamba halitanipanda masikioni tena?

MwalimuWaKuogelea_Nyali alijibu:

Umefanya kazi nzuri sana, kaka, na nimefarijika kuwa umeyaona hayo nyumbani.

Dukani livae juu ya nguo unayovulia, funga zipu, kaza mikanda kuanzia ya chini kwenda ya juu, kisha inua mikono juu na umwombe mtu alivute kutoka mabegani kwa nguvu. Likifika kidevuni au masikioni, si lako, hata kama namba iliyoandikwa ni yako. Lile linalokaa mahali pake lipeleke majini ufanye jaribio lilelile ulilofanya na shemeji yako, ukiwa na vitu vyako vyote mifukoni, maana koleo na risasi hupunguza kilo zile tano alizozitaja fundi. Mdomo wako uwe juu ya maji waziwazi bila wewe kufanya lolote. Halafu panda kwenye kayaki nalo mara tano. Mifuko minene ya kifuani hukwama ukingoni, na hilo hutaliona dukani.

Firimbi nunua isiyo na kokwa. Kisu kiwe cha chuma kisichoshika kutu, chenye ncha butu, na ukifunge mahali ambapo kila mkono unakifikia peke yake. Jaribu kukitoa umefumba macho, mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Kamba ya kafi isizidi urefu unaohitajika. Ukipinduka mara ya kwanza nayo, tazama inakuzunguka wapi.

FundiWaFaiba_Likoni alijibu:

Skrubu usizibe kwa gundi juu juu. Ziondoe, safisha matundu kwa spiriti, weka riveti za kayaki pamoja na silikoni ya baharini, iache ikauke siku nzima, kisha rudia jaribio la ndoo. Ukikwama vuka feri uniletee.

MzeeWaMtwapa alijibu:

Mwezi utakuwa nusu Jumamosi ijayo. Nitakuwa Shanzu saa mbili na nusu asubuhi na ngalawa ya mpwa wangu. Njoo na kayaki, sisi tutakaa upande wa nje tukikutazama. Bi mwalimu, kama una nafasi, ungetufaa sana, kwa kuwa mimi macho yangu yanajua maji lakini hayajui kayaki.

MwalimuWaKuogelea_Nyali alijibu:

Nitafika, Mzee. Kaka, kunywa chai nyepesi tu asubuhi hiyo.

MshipiWaKisauni alijibu:

Nitakuja, inshallah. Nimeshaagiza jaketi la nyutoni 50 na nitalijaribu ufuoni kabla ya siku hiyo. Sanduku nitalifunga nyuma ya kiti likiwa na kilo kumi za mchanga mahali pa samaki, rodi mbili bila ndoana, na mke wangu atabaki ufuoni na karatasi, ameandika mwenyewe saa tano kuwa ndiyo saa ya kupiga simu.